Mali bila Daftari: Urithi wa Lugha katika Mitandao ya Kujitolea ya Tabianchi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imezoeleka kuwaonya wenye maduka na waweka hazina wa vyama. Makala haya yanaielekeza kwa kundi jingine: watu wanaojitolea, bila mshahara, kuwaeleza wananchi habari za mvua, ukame na mabadiliko ya tabianchi. Mali kubwa ya makundi haya ni lugha, yaani maneno yaliyokwisha kujaribiwa mbele ya wakulima, wafugaji na wavuvi, mengine yakakubalika na mengine yakakataliwa. Aghalabu mali hiyo haiandikwi popote. Kila uongozi unapobadilika hupotea, na ni nadra mtu kutanabahi kwamba kuna kilichopotea. Rai yangu ni kuwa makabidhiano ya uongozi katika mitandao hii hayajakamilika maadamu lugha haijakabidhiwa, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika kuyakamilisha.

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Mnamo Novemba 2006, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa 12 wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi. Ni katika mazingira ya mkutano huo ambapo vijana wa Afrika waliasisi mtandao wao unaojulikana kwa kifupi kama AYICC. Kijana aliyekuwa na miaka 25 wakati huo sasa amevuka 40. Huo ndio mwendo wa mitandao ya vijana: wanachama humaliza masomo, huajiriwa, huhama, huanza familia. Wengine huchoshwa na nauli wanayojilipia wenyewe, kwani mkono mtupu haulambwi. Hapana aibu katika kuondoka huko. Anayejitolea hana mkataba wa kumfunga, na kiti cha kujitolea kikikaliwa na mtu mmoja kwa miaka 10 hugeuka kuwa miliki yake.

Tatizo limo katika kile kinachokabidhiwa. Anayetoka humpa anayeingia muhuri, orodha ya wanachama, nywila ya barua pepe na nakala za ripoti zilizopelekewa wafadhili. Ripoti hizo mara nyingi huwa kwa Kiingereza, nazo huhesabu mikutano iliyofanyika na watu waliohudhuria. Hazituambii ni neno gani lililowafanya wasikilizaji wainue vichwa, wala ni lipi lililowafanya wacheke. Hayo yamo akilini mwa mtu mmoja, naye anaaga.

Tuchukue mfano wa El Niño. Wakenya wengi walilifahamu neno hili katika mvua kubwa za 1997 na 1998. Kwa mtaalamu, El Niño ni kupanda kwa joto la maji ya juu katika sehemu ya kati na ya mashariki ya Bahari ya Pasifiki, karibu na ikweta. Kwa mwananchi aliyeona daraja likisombwa, El Niño ilikuja kuwa jina la mafuriko yenyewe. Mwaka 2015 neno lilirudi kwa kishindo. Serikali ikajiandaa, lakini mvua zikaja pungufu ya zilivyohofiwa, na baadhi ya watu wakaanza kuuona utabiri kama porojo. Kisha ikaja Oktoba 2023, ambapo viongozi wa ngazi za juu waliwaambia wananchi kuwa Kenya haingepata El Niño, ila mvua nyingi tu. Wakati huo El Niño ilikuwa tayari imo katika Pasifiki, na upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi nao ulikuwa na joto lisilo la kawaida, hali ambayo huzidisha mvua zetu za vuli. Mafuriko ya vuli hiyo yaliwaua watu zaidi ya 100 nchini.

Sidai kwamba neno ndilo lililoua. Ninachosema ni kuwa mtu aliyeambiwa hakuna El Niño alikuwa na sababu ya kusikia kwamba hakuna mafuriko. Mjitoleaji aliyepambana na utata huo mwaka 2015, akajibu maswali ya watu waliohisi wamedanganywa, angejua pa kuanzia mwaka 2023. Lakini kati ya 2015 na 2023 ni miaka 8. Mtandao unaochagua viongozi kila baada ya miaka miwili huwa umebadilisha uongozi mara 4 katika muda huo. Ni nani aliyemwachia mwenzake ujuzi ule, na aliuandika wapi?

Mfano wa pili ni neno dogo zaidi: wastani. Utabiri wa msimu hutolewa kwa viwango vitatu, yaani mvua ya juu ya wastani, ya wastani na ya chini ya wastani, kila kiwango na asilimia ya uwezekano wake. Wastani huo ni wa eneo husika na hutokana na rekodi za miaka mingi. Mvua ya wastani ya Lodwar ingeitwa ukame Kakamega. Hata hivyo, katika mazungumzo yetu ya kila siku, kitu cha wastani ni kitu cha kadiri, kinachotosha. Mkulima wa nyanda kame akiambiwa atarajie mvua ya wastani, anaweza kupanda mahindi pale ambapo mtama ungemfaa zaidi. Asilimia nazo zina mtego wao. Uwezekano wa asilimia 60 huchukuliwa kama ahadi, na mvua zisipokuja, aliyeileta habari huonekana mwongo. Mratibu mwenye uzoefu hujifunza kusema kwa njia nyingine: kati ya misimu 10 inayofanana na huu, 6 huwa na mvua nyingi, lakini 4 haiwi hivyo, basi usiweke mbegu zako zote katika shamba moja. Sentensi kama hiyo huzaliwa baada ya makosa mengi. Ni hasara iliyoje mrithi wake kuanza tena na asilimia!

Mfano wa tatu unatoka mwambao. Katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, wanavijiji wa Gazi na Makongeni huhifadhi hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioidhinishwa mwaka 2013. Mradi huo huuza hati za kaboni, na mapato yake yamesaidia huduma za maji na elimu vijijini. Jina lake lenyewe linafunza, kwa kuwa halihitaji mkalimani. Lakini hebu msomaji ajaribu kumweleza mzee wa mwambao ni kitu gani hasa kinachouzwa. Ukisema mnauza hewa, utachekwa. Ukisema mnauza mikoko, utazua ugomvi, kwani kwa wenyeji wa mwambao mkoko ni boriti za kujengea, na kuuuza ni kuukata. Maelezo yaliyo karibu na ukweli ni kwamba mnunuzi analipia kazi ya kuiacha mikoko isimame na kufyonza hewa ya ukaa. Katika mradi wowote wa aina hii, kamati mpya isiporithi maelezo hayo, uvumi utayachukua mahali pake.

Kuna watakaopinga rai hii. Wapo watakaosema kuwa dawa ni kuwaajiri waratibu ili wasiondoke. Ni kweli kwamba ujira mdogo ungepunguza msururu wa wanaoaga, na sioni kwa nini mtu ajilipie nauli ya kwenda kuwatumikia wengine. Hata hivyo, fedha za miradi nazo huisha, na mwajiriwa huondoka siku mradi unapofungwa. Wapo pia watakaosema kwamba istilahi tayari tunazo, na kazi iliyobaki ni kuzifundisha. Hoja hii ina uzito. Neno tabianchi limeenea, na usanifishaji umetusaidia. Lakini hata leo, vyombo vya habari vya Kenya hupenda kusema hali ya anga pale ambapo jirani zetu wa Tanzania husema hali ya hewa. Aidha, anayelisikia neno tabianchi kwa mara ya kwanza anakutana na tabia, ambayo kwake ni mwenendo wa mtu, na nchi, ambayo kwake ni taifa lenye serikali. Kamusi itampa maana. Haitamwambia mjitoleaji ni swali gani litakaloulizwa baada ya maana hiyo kutolewa.

Kwamba kazi ya hiari inaweza kumwishi mwasisi wake, tunao ushahidi nyumbani. Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 chini ya mwavuli wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Mwishoni mwa 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu, na mwaka uliofuata akawa waziri msaidizi. Alituzwa Nobeli ya Amani mwaka 2004 na kuaga dunia Septemba 2011. Shirika halikufa naye. Sababu ni nyingi, ikiwemo jina lake lililojulikana kote ulimwenguni. Lakini mojawapo ni kwamba kazi ilikuwa imewekwa katika utaratibu wa hatua 10 ulioeleza jinsi kikundi kinavyoundwa, kinavyotunza kitalu na kinavyotoa taarifa za miche yake. Wanawake wa vijijini, wengi wao wasio na cheti chochote cha misitu, waliweza kuifuata kazi hiyo bila kumngoja mwasisi awaeleze upya. Mitandao inayoshughulikia habari inahitaji utaratibu wa namna hiyo kwa upande wa maneno.

Napendekeza basi kila mtandao uwe na daftari la makabidhiano, liandikwe kwa Kiswahili, na kando yake yawekwe maneno ya lugha ya mahali. Liwe na mambo manne. La kwanza ni istilahi zinazotumiwa, pamoja na zile zilizojaribiwa zikaachwa na sababu ya kuachwa kwake. La pili ni maswali ya wananchi, yaandikwe kama yalivyoulizwa. La tatu ni ahadi zilizotolewa kwa niaba ya mtandao, kwani mrithi asiyezijua atazivunja bila kukusudia. La nne ni yaliyotabiriwa kabla ya kila msimu na yaliyotokea baadaye. Daftari la shilingi mia moja latosha kuanzia.

Fauka ya hayo, kalenda ya uchaguzi ifuate mvua badala ya muhula wa masomo. Katika sehemu kubwa ya nchi, masika huwa kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kumbadilisha mratibu mwezi wa Oktoba ni sawa na kubadilisha nahodha chombo kikiwa katikati ya mkondo. Kwa maeneo hayo, anayeingia akae na anayetoka msimu mmoja mzima wa masika, kisha makabidhiano yafanyike kati ya Juni na Agosti, kabla ya utabiri wa vuli kuanza kuwafikia wananchi. Magharibi mwa Bonde la Ufa, ambako mvua hunyesha hata katika miezi hiyo, wenyeji wapange tarehe zao.

Suala hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 nayo inataka umma ushirikishwe. Habari iliyotolewa kwa maneno yasiyoeleweka haijamfikia mwenye haki yake. Wanaoweza kuziba pengo hilo ni watu waliofunzwa kuchunguza maana, semantiki na tafsiri, yaani wasomaji wa jarida hili. Tumezoea kuzichambua istilahi tukiwa maktabani. Twende tukazisikilize zinavyopokewa barazani, sokoni na katika vituo vya redio vya mashinani. Wahadhiri wetu nao wangeweza kuyatambua madaftari haya kuwa data halali ya utafiti, ili mwanafunzi anayeyakusanya asionekane kuwa ameacha taaluma na kuingia uanaharakati.

Lakini tusiende kuwafundisha wengine kufagia ilhali kwetu kumejaa vumbi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili navyo huongozwa na watu wa kujitolea wanaobadilika kila mwaka, na ni mara ngapi kamati mpya imeanza kutafuta upya wafasiri, wahariri na wachapishaji ambao kamati iliyotangulia iliwajua kwa majina? Kamati itakayochaguliwa baada ya hii na ikute daftari mezani. Ukurasa wake wa kwanza uwe na orodha ya wanachama wanaojitolea katika mitandao ya tabianchi na maneno waliyoyakuta huko. Kazi hiyo haihitaji mfadhili, na inaweza kuanza katika mkutano wetu ujao.