Albamu ya shosho si ya kucheka tu, uliza majina

Katika nyumba nyingi kuna albamu iliyofungiwa kabatini, au bahasha ya kaki iliyojaa picha zilizokunjika pembe. Zichambue uone: nyingi hazikupigwa sebuleni. Ni watu wakiwa nje, wamekaa kwenye nyasi za Uhuru Park siku ya Krismasi, au wamejipanga mbele ya nyumba ushago siku ya harusi, watoto wamechuchumaa mbele, wazee kwenye viti, kila mtu amekaza uso kama anaapishwa. Sisi huzicheka. Tunaweka ile afro na ile suruali ya miguu mipana kwenye status, emoji zinamiminika, tunasonga. Tunapoteza mali.

Kwanza, elewa kwa nini watu ni wengi hivyo. Filamu ya kawaida ilikuwa na picha 24 au 36, na zikiisha zimeisha. Hakukuwa na kufuta. Ulilipa, ukasubiri isafishwe, ndipo ujue kama ulifumba macho. Ndani ya nyumba giza lilisumbua, kwa hivyo watu walitolewa juani. Picha ikawa jambo la kuitana: shangazi, jirani, hata aliyekuwa akipita tu akaambiwa simama hapo. Ndiyo maana picha moja inabeba ukoo na nusu ya mtaa, ilhali simu zetu zina selfi mia za sura moja.

Pili, tazama nyuma ya watu. Uhuru Park ilifunguliwa 1969. KICC ilikamilika 1973, kwa hivyo ukiona mnara huo bado unajengwa, umeshapata kipindi. Namba ya gari ikiishia na tarakimu badala ya herufi, gari hilo lilisajiliwa kabla ya miaka ya 1990.

Hata nyasi zenyewe zina historia. Mwaka 1989 chama tawala, KANU, kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akapinga, akakejeliwa bungeni, lakini jumba halikujengwa. Mitaa mingine haikupata mtetezi. Uwanja umekuwa ploti ya mtu, na pengine ushahidi uliobaki kwamba palikuwa na uwanja ni picha ya familia.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wazee. Wengine watasema picha hizo zina machungu: kuna mjomba aliyekatwa kwa makasi, kuna mke wa kwanza asiyetajwa. Ni kweli. Lakini hiyo pia ni habari ya familia yako, na ni afadhali uisikie kutoka kwa aliyekuwepo kuliko kuikisia baadaye.

Shida ni kwamba karatasi hudumu kuliko kumbukumbu. Picha nyingi hazijaandikwa chochote nyuma. Anayemjua yule mwanamke wa tatu kutoka kushoto huenda ana miaka 80. Siku akituacha, mwanamke huyo hana jina tena, na hakuna Google itakayokusaidia.

Kwa hivyo ukienda ushago Desemba hii, usingoje mazishi ndio albamu itolewe. Kaa na shosho au guka, washa kinasa sauti cha simu, amtaje mtu mmoja mmoja. Andika nyuma kwa penseli laini, usikandamize, na usitumie biki. Piga nakala mahali penye mwanga usioakisi, uzihifadhi zaidi ya mahali pamoja. Picha ikigandana na plastiki ya albamu, usiibandue kwa nguvu. Na kabla ya kuiweka mtandaoni, omba ruhusa. Hao ni watu, si kontenti.

Halafu mkiwa wote hapo, tokeni nje mpige moja ya ukoo mzima, muichapishe, na majina yaandikwe nyuma mara tu ikitoka.