Baada ya kung'olewa gego, weka vepu kando



Ndugu msomaji, magego ya mwisho, ambayo wengine huyaita meno ya hekima, aghalabu huchomoza mtu akiwa na umri baina ya miaka 17 na 25. Mara nyingi taya huwa halina tena nafasi ya kuyapokea. Gego huota kiupande, likalisukuma jino jirani au likabaki limefunikwa nusu na ufizi, mpaka daktari akaamua kuling'oa. Umri huo ndio umri wa vijana wengi wanaovuta sigara za kielektroniki, maarufu kwa jina la vepu. Mambo haya mawili yakikutana katika kinywa kimoja, huzuka madhara ambayo wazazi wengi hawajatanabahi.

Jino linapotoka huacha shimo ndani ya mfupa wa taya. Damu hujaa shimoni humo na kuganda. Donge hilo si uchafu wa kutemwa; ndilo kifuniko cha mfupa na mishipa ya fahamu, na juu yake ndipo nyama mpya huota. Likichomoka au likiyeyuka kabla ya wakati, mfupa hubaki wazi, ukiguswa na mate na chakula. Maumivu yake huanza katika siku chache za mwanzo, hupanda hadi sikioni, kinywa hutoa harufu mbaya, na vidonge vya kawaida huenda visitoshe kuyatuliza. Magego ya chini ndiyo yapatwayo zaidi na tatizo hili.

Vepu huleta madhara hayo kwa njia tatu. Kwanza, kufyonza kwenyewe huvuta hewa kinywani na kuweza kuling'oa donge. Pili, nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kidonda kikakosa riziki yake. Tatu, mvuke wa moto hukausha kinywa na kukiwasha kidonda. Basi anayejitetea kuwa vepu yake haina nikotini ameepuka njia moja tu kati ya tatu. Na anayedhani atavuta kwa upande wa pili wa mdomo, au ataliziba shimo kwa pamba, ajue kuwa kinywa hufyonza chote kwa pamoja. Sigara na shisha hukumu yake ni hiyo hiyo.

Je, kuna namna salama ya kuvuta katika siku hizo? Hakuna. Saa 72 za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Kuacha kwa wiki nzima ni bora, na aliyepasuliwa ufizi na kushonwa nyuzi afuate muda atakaopewa na daktari wake.

Hapa ndipo penye mtihani wa familia. Daktari humuuliza kijana, "Unavuta?" Mama ameketi kando yake. Kijana hujibu, "Hapana." Kwa jibu hilo, daktari humpa maelekezo ya mtu asiyevuta, na usiku wa pili kijana hujifungia chumbani na kifaa chake. Nawanasihi wazazi wenzangu: mtoto mkubwa anapoingia kwa daktari, mpeni nafasi ya kuzungumza naye peke yake. Daktari hufungwa na miiko ya kutunza siri ya mgonjwa. Na ukilikuta jambo hilo nyumbani, kumbuka kuwa maneno makali yanaweza kungoja wiki moja, lakini kidonda hakingoji. Mwambie kwanza, "Mwanangu, mweleze daktari ukweli." Nasaha nyingine zitafuata akishapona.

Nawe kijana, sema kabla ya siku ya kung'olewa unavuta nini na kwa kiasi gani. Aliyezoea nikotini akiikosa ghafla hukosa usingizi na huwa mwepesi wa hasira. Daktari anaweza kukushauri kuhusu plasta ya nikotini ya kubandika ngozini, ambayo walau haihitaji kufyonzwa. Lakini usijipangie mwenyewe, kwani nikotini yake bado hufika kwenye damu.

Kwa siku ya kwanza, uma pamba uliyowekewa kwa muda ulioelekezwa, weka barafu iliyofungwa kitambaa juu ya shavu, na usisukutue wala kutema kwa nguvu. Kula vyakula laini visivyo vya moto: uji uliopoa, mtori, ndizi zilizopondwa. Dafu limimine katika gilasi, usilinywe kwa mrija. Baada ya saa 24, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji vuguvugu, yazungushe kinywani taratibu, kisha yaache yamwagike yenyewe.

Na udhu je? Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, kusukutua ni sunna. Mgonjwa anaweza kukuacha siku hiyo, na udhu wake ukatimia. Anayefuata madhehebu mengine amuulize shekhe wake. Mswaki nao uelekezwe kwenye meno mengine, mbali na kidonda.

Iwapo kijana amekwisha kuvuta na maumivu yamezidi, asichokonoe shimo kwa kijiti wala kulijaza karafuu. Arudi kwa daktari na aseme lililotokea. Shimo litasafishwa na kuwekwa dawa, na kwa kawaida maumivu hupungua. Damu isiyokoma baada ya kubanwa, homa, uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, au taabu ya kumeza na kupumua, hayo ni ya kukimbilia hospitali mara moja.

Wiki moja bila vepu ni nzito kwa aliyeizoea, lakini atakayeivuka atakuwa amepita siku zilizo ngumu zaidi za kuacha. Mzazi akiona hivyo, amuunge mkono aendelee.