Ngazi Haianguki Yenyewe

Mtu apitaye Barabara ya Morogoro, toka Visiga hadi Mlandizi na kuendelea mpaka Vigwaza, hakosi kuona ujenzi. Viwanda vimeinuka, mabohari yangali yakijengwa, na nyuma yake zimezagaa nyumba za wananchi zinazongoja bati. Juu ya kila jengo yuko mtu, na chini ya mtu huyo aghalabu iko ngazi. Twataka kuisema ngazi hiyo, maana ni chombo kivunjacho watu migongo na hapana akijaliye.

Akianguka fundi, husemwa moja katika mawili: ama ni ajali tu, mapenzi ya Mungu, ama ni uzembe wake mwenyewe. Kauli hizo mbili zafanana kwa jambo moja, nalo ni kwamba zote humwondolea tajiri lawama. Sisi hatuzikubali. Si kwamba mfanyakazi hana kosa kabisa, tutalifikia hilo. Lakini kwanza itazamwe ngazi yenyewe.

Ngazi ya kwetu ni mirunda miwili na vipande vya mbao vilivyopigiliwa misumari. Huundwa asubuhi kwa mbao zilizosalia, nyingine zimekwisha tumika kushikilia zege, zimenyonya maji na kupasuka pale pale msumari ulipopita. Kidato hakikuchongewa nafasi katika mti. Kimeshikwa na misumari peke yake, na uzito wote wa mtu pamoja na ndoo ya zege begani huilemea misumari hiyo. Kazi ikiisha, ngazi hulala nje katika jua na mvua. Misumari hushika kutu, mbao huliwa na mchwa, kisha mwezi unaofuata jirani huja kuiazima. Hapana aliyeikagua. Siku kidato kitakapokatika, je, huyo aliyeanguka ndiye mzembe?

Kisha kuna namna ya kuisimamisha. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni nyepesi: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 mbali na ukuta. Ikisogezwa mno ukutani humpindua mtu nyuma. Ikiwekwa mbali mno, miguu yake huteleza. Kichwa chake kipite ukingo wa mahali pa kushukia kwa kadiri ya mita 1, nacho kifungwe kamba. Mchanga wetu wa Pwani hutitia upande mmoja, basi fundi hutia tofali chini ya mguu uliozama, na tofali nalo hupasuka. Kamba haikununuliwa.

Sasa kosa la mfanyakazi. Hupanda na ndoo mkono huu na nyundo mkono ule, hali yapasa wakati wote mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimeishika ngazi. Hujinyoosha kuufikia msumari wa mwisho asije akalazimika kushuka na kuihamisha, na hapo ngazi huponyoka ubavuni. Kwa nini hashuki? Kwa sababu hulipwa kwa kazi, si kwa siku, na kila kushuka ni dakika zitokazo mfukoni mwake. Haraka hiyo hakuizua yeye.

Nyumbani hata ngazi hapana. Ni kiti juu ya meza kubadili taa, ndoo iliyopinduliwa, au pipa la kufikia bati livujalo, na mtu mwenyewe ametoka kazini amechoka, giza laingia, hana wa kumshikia. Walio na uwezo hununua ngazi za alumini, nyepesi na imara. Lakini hizo zikigusa waya wa umeme huweza kumwua mpandaji hata kabla hajaanguka.

Tusidhani ni taabu yetu peke yetu. Uingereza, katika mwaka ulioishia Machi 2024, ajali za kazini ziliua wafanyakazi 138, na 50 katika hao walianguka kutoka juu, kwenye ngazi, mapaa na majukwaa. Nchi hiyo ina sheria za viwanda tangu karne ya 19.

Nasi sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilishika nafasi ya ile ya viwanda iliyotungwa na wakoloni mwaka 1950, nayo yamtaka mwajiri atoe vyombo vilivyo salama. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilizaa Mfuko ulioanza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye achangiaye, wala haikatwi senti katika mshahara. Lakini kibarua aliyechukuliwa asubuhi kando ya barabara, asiye na karatasi wala jina katika daftari, akianguka saa nane mchana, nani atakayekiri kwamba alikuwa mfanyakazi wake? Mwenye nyumba humtaja fundi mkuu, fundi mkuu humtaja mwenye nyumba, na majeruhi hupelekwa Tumbi kwa mchango wa vibarua wenziwe. Aibu yenyewe iko hapa.

Kwa hiyo jina liandikwe kabla mtu hajapanda. Ajali itokeapo, mwajiri apashwe habari siku ile ile, na walioona wataje majina yao, maana madai yasiyopelekwa katika muda wa miezi 12 huweza kukataliwa, na aliyevunjika uti wa mgongo huweza kuimaliza mingi ya miezi hiyo akiwa kitandani.