Wafamasia wafunzwe kuwanusuru wavutaji

Mvutaji sigara anapoingia katika duka la dawa kutafuta dawa ya kikohozi, aghalabu huuziwa chupa na kuagwa. Haulizwi lolote kuhusu sigara inayomkohoza. Lawama hii haimwangukii muuzaji peke yake, bali pia chuo kilichomfunza madhara ya tumbaku pasipo kumfunza namna ya kuzungumza na mraibu.

Nchi yetu haikosi sheria. Mwaka wa 2004 Kenya iliidhinisha mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao kifungu chake cha 14 kinazitaka serikali kuwasaidia wanaotaka kuacha. Mwaka wa 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku. Lakini sheria humfukuza mvutaji katika mahali pa umma. Haimwondolei kiu ya nikotini. Jifya moja haliinjiki chungu.

Huko California, Marekani, wahadhiri wa famasia walianza mwaka wa 1999 kuandaa mafunzo maalumu yaitwayo Rx for Change. Mwanafunzi hufundishwa hatua tano: kuuliza, kushauri, kupima utayari wa mvutaji, kumsaidia na kupanga kumfuatilia. Kisha wanafunzi huigiza, mmoja mvutaji, mwingine mfamasia. Mji wa San Francisco nao ulipiga marufuku uuzaji wa sigara katika maduka ya dawa mwaka wa 2008, kwani haielekei mkono mmoja kuuza sumu na dawa.

Wapo watakaodai kwamba mtaala umejaa, na kwamba kazi hii ni ya daktari. Hoja hizo hazina mashiko. Mafunzo haya huchukua saa chache tu, na wananchi wengi humfikia mfamasia kabla ya daktari. Isitoshe, vibandiko na chingamu za nikotini, ambazo Shirika la Afya Ulimwenguni liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2009, zahitaji mtu wa kueleza matumizi yake. Mazoea yana taabu. Anayeacha hukabiliwa na hasira na ukosefu wa usingizi, na asipotayarishwa huirudia sigara kwa siku chache.

Walimu wanajua vyema kwamba kisichotahiniwa hakisomwi. Basi katika mtihani wa vitendo, mwanafunzi wa famasia na aketishwe mbele ya mvutaji, apewe alama kwa jinsi anavyomsikiliza na kumwongoza. Asiyeweza hayo hajahitimu kukabidhiwa afya ya umma.