Kanzu ya Harusi Haitutoshi Tena



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu na wazazi, mwaka huu tunaomba tuizungumzie miili yetu sisi watu wazima, na hasa kilo tunazoongeza kidogo kidogo tangu ujana.

Mtu akishuka kutoka Matombo, Mgeta au Kinole akakaa mjini mwaka mmoja, siku akirudi kusalimia hupokewa kwa sifa: "Umenawiri! Mji umekupenda." Sifa hii ina asili yake. Ukimwi ulipotutisha miaka ya 1990, aliyekonda alinyooshewa kidole, na kitambi kikawa ndicho cheti cha afya. Sisi tunaona wakati wa kuiacha umefika.

Wataalamu waliwapima watu 209 waliohama vijiji vya Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam, kabla ya kuhama na baada ya mwaka mmoja. Matokeo yalitolewa mwaka 2010. Wanaume kwa wanawake walikuwa wameongeza wastani wa zaidi ya kilo 2, na waliofanya kazi za nguvu walikuwa wamepungua sana. Haishangazi. Kule Uluguru mtu hupanda na jembe begani, hushuka na mkungu wa ndizi kichwani. Mjini ni bodaboda mpaka mlangoni. Utasema kilo 2 si kitu, lakini hizo ni za mwaka mmoja tu.

Huko Marekani wauguzi wanawake walifuatiliwa miaka mingi. Mwaka 1995 ilielezwa kwamba walioongeza kilo 5 hadi karibu 8 tangu umri wa miaka 18 walikuwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili karibu mara mbili ya wale ambao uzito wao haukubadilika. Waliopungua zaidi ya kilo 5, hatari yao ilishuka kwa nusu au zaidi. Basi usijipime kwa jirani yako mnene kuliko wewe. Jipime kwa vile ulivyokuwa.

Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, insulini hushindwa kuiingiza sukari mwilini sawasawa. Kongosho huongeza juhudi, miaka inapita, mwisho huchoka. Uchunguzi wa vijijini miaka ya 1980, Morogoro ikiwemo, ulikuta mgonjwa takriban 1 katika watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, mijini na vijijini, ulikuta takriban 9 katika 100 wenye sukari ya juu.

Mwalimu mwenzetu mmoja alikuwa akitania kwamba kanzu yake ya harusi imesinyaa kabatini. Tulicheka naye, nasi wengine kanzu zetu zilikuwa hazitutoshi vile vile. Kidonda cha mguu kilipokataa kupona ndipo akapimwa sukari. Sasa haruhusiwi na daktari kufunga Ramadhani, na hilo ndilo linalomliza kuliko kidonda.

Nasi ni wepesi wa kuwasomesha watoto Suratul A'raf, aya ya 31, inayokataza israfu katika kula, kisha jioni futari yetu ni kaimati, sambusa, viazi vya nazi na soda juu yake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuliachia tumbo theluthi ya pumzi. Sisi hata maji tunayabania nafasi.

Lakini tuelewane. Anayekonda ghafla bila kukusudia, ana kiu na anakojoa mara kwa mara, asisifiwe kuwa amepungua; aende hospitali, kwani hizo nazo ni dalili za kisukari. Na anayetumia dawa asibadili chochote bila daktari.

Sisi walimu tumekubaliana kuja darasa la alasiri kwa miguu, wa Bigwa na wa Kihonda wakiteremka njiani mapema. Na kwenye maulidi ya mwaka huu, akina mama wa jikoni, tunaomba sinia la pilau la walimu lipunguzwe. Tukilalamika, msitusikilize.