Mnara au Msalaba? Jina la Jiwe la Malindi

Imekuwa ada katika vitabu vya historia kuliita jiwe la Malindi "Mnara wa Vasco da Gama". Jina hilo lastahili kuhojiwa. Kinachoonekana pale rasini ni vitu viwili: nguzo nene ya matumbawe, iliyochongoka kuelekea juu, na kileleni msalaba wa jiwe la chokaa unaosadikiwa kuwa ndio ulioletwa kutoka Lisbon. Nguzo ni nyongeza ya baadaye. Hivyo neno "mnara" lakitaja kibebeo na kukiacha kibebwacho.

Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Katika nyua za makanisa ya parokia ilisimama misalaba ya mawe ya Zama za Kati, na mwaka 1643 Bunge liliamuru ivunjwe. Mahali pengi pamebaki vidato na kigutu tu, lakini kigutu hicho chaitwa msalaba hadi leo. Huko msalaba ulivunjwa, jina likabaki. Malindi msalaba wasimama, jina halimo vinywani.

Mtetezi wa "mnara" aweza kudai kwamba neno limepanuka maana: Mnara wa Azimio la Arusha hauadhiniwi. Hoja hiyo ina uzito, ila yazidisha tatizo. Mnara wa namna hiyo ni ukumbusho, na jiwe la Malindi halikuwekwa kuwa ukumbusho. Lilisimamishwa katika safari ya 1497–1499, Vasco da Gama mwenyewe akiwa hai, kwa jina la mfalme wa Ureno, kama Diogo Cão alivyofanya kwenye mlango wa mto Kongo katika miaka ya 1480. Lilikuwa tangazo la dini na la ufalme. Yasemekana Waislamu wa mji hawakuridhika nalo, likaondolewa karibu na nyumba ya sultani, ndipo baadaye likawekwa lilipo sasa. Ugomvi huo haumo katika "mnara". Tena neno hilo lalichanganya jiwe la Wareno na makaburi ya minara yaliyo kando ya Msikiti wa Ijumaa, mjini humo humo, ambayo ni kazi ya Waswahili wenyewe.

Mkazi wa Malindi hapotezwi na jina, kwani kitu akiona. Mwanafunzi wa Mugumu, wilayani Serengeti, hana ila neno. Akisoma "mnara" huenda akafikiria mnara wa simu. Kwake yeye, "Msalaba wa Wareno" ndilo jina ambalo watunzi wa vitabu na makamusi wangepaswa kumwandikia.