Nyama inayooza mu mutego, nani analipa?

Tunakula nyama ya pori, tusijidanganye. Muchimbaji anatoka ku shimo ya kasiterite na njaa, anapata kipande cha swala kilichokauka ku moshi, ananunua. Hatumulaumu yeye, wala mama muuzaji. Swali letu ni hili: ngapi zimeoza porini mbele hii moja ifike ku soko ya Mitwaba?

Maana mutego wa waya hauchagui. Waya ya freni ya kinga inakamata dume, inakamata jike mwenye mimba, inakamata na mutoto wake. Mwenyewe ametega mingi, anarudia siku ya tatu, ya ine. Mvua ikinyesha, harudi kabisa. Anakuta nzi na funza. Mwenye bunduki anaona anachopiga. Waya inaua hata kama mwenyewe amelala kwake. Na aliyepoteza tatu atatafuta faida yake ku ile moja. Njo sisi tunalipa.

Sheria ya uwindaji iko tangu 1982. Mbuga ya Upemba, jirani yetu, iko tangu 1939. Humo kuwinda kumekatazwa, na njo humo pundamilia wa mwisho wa Kongo wamebaki. Walinzi wanang'oa mitego, inarudi.

Nje ya mbuga, machifu wanaweza kitu: waya ambayo mwenyewe haipitii kila asubuhi, ing'olewe. Na sisi wanunuzi, tuulize mama: hii ilipigwa ama ilinaswa? Mara ya kwanza atacheka. Tuulize tena.